Je, Ni Haki Kumzuia Mtu Asihatarishe Mali Yake?

Tarehe 1 Agosti 2018 wasimamizi wa masoko ya fedha katika Umoja wa Ulaya waliweka mpaka ambao wengi waliupinga. Mtu wa kawaida anayenunua na kuuza fedha za kigeni kwa njia ya dalali asizidishiwe mtaji wake kupita mara 30 kwa zile fedha kubwa, kama dola na euro. Kwa fedha nyingine, mara 20. Marekani ilikwisha kutangulia mwaka 2010 kwa mpaka wa mara 50, na Japani ikashuka hata mara 25 mwaka uliofuata. Wapingaji wakauliza, na swali lao si la kipuuzi: ikiwa mali ni yangu na akili ni yangu, serikali yaingiaje?

Tutazame kwanza jambo lenyewe. Mtu ana dola 1,000. Dalali amzidishia mara 100, naye asimamia dola 100,000. Bei ikisogea upande wake kwa sehemu moja tu katika mia, mtaji wake umekuwa maradufu. Ikisogea vivyo hivyo upande wa pili, hana kitu. Na mwendo wa namna hiyo waweza kutokea kabla ya chakula cha mchana.

Mwenye mtaji mdogo ndiye mwenye malalamiko mazito. Asema: tajiri hupata faida kwa kuwa ana nyingi za kuweka, ngazi yangu mimi ni mkopo huo tu, nanyi mwaikata. Na kweli sheria yampa sababu ya kunung'unika, kwa maana katika Ulaya mtu aweza kuomba ahesabiwe mstadi asiyehusika na mpaka huo, na mojawapo ya alama za ustadi ni kuwa na akiba ipitayo euro 500,000. Kana kwamba fedha ni akili!

Lakini tumwulize: huyo aliyekukopesha, amekuamini kwa lipi? Mkopeshaji wa desturi hutaka habari zako: wafanya kazi gani, walipwa kiasi gani, nani atakudhamini. Dalali huyu hana haja ya imani. Fedha zako zikikaribia kwisha, mitambo yake huifunga biashara, na mkopo wake umerudi. Kilichopotea ni chako. Tena mara nyingi dalali mwenyewe ndiye upande wa pili wa mapatano, hata hasara ya mteja yaweza kuwa faida yake. Wasimamizi wa Ulaya walikuta kwamba akaunti 74 hadi 89 katika kila 100 za wateja wa kawaida hupata hasara. Uhuru wa kuchagua ni jambo la heshima, bali yafaa kujua ni nani aliyeuandaa uchaguzi.

Wala "mali yangu" si neno jepesi katika nyumba yenye watoto. Ndani yake mna karo ya shule na akiba ya ugonjwa, na mara nyingi mke hakuulizwa.

Hatusemi kuwa mpaka huo watosha. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafula kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro. Kwa dakika chache faranga ikapanda kupita sehemu 15 katika mia, na watu walioweka fedha kidogo wakajikuta wakidaiwa na madalali wao. Hata mara 30 isingaliwaokoa. Kwa hiyo amri ya 2018 iliongeza kwamba mteja wa kawaida asidaiwe kupita kilichomo katika akaunti yake. Kwa maoni yetu sharti hilo ni bora kuliko mpaka wenyewe, maana lamrudishia mkopeshaji sehemu ya hatari aliyoizua.

Wako waliohamia kwa makampuni ya visiwa vya mbali, yatoayo hata mara 500. Huko amri ya Ulaya haiwafuati, na aliyepoteza mara nyingi hajui hata pa kupeleka mashtaka yake.