Ramadhani 14: Yule Aliyekuja Mbio



Ndugu zangu na mama zangu, kuna kijana wetu nilimsomesha Juzuu Amma hapa hapa. Sasa yuko California, anafanya udaktari wa fasihi, na huku anafundisha mwaka wa kwanza kuandika insha. Juzi baada ya tarawehe alinipigia. Baadhi ya wanafunzi wake hawana karatasi. Wamepelekwa Marekani wachanga, wamekulia kule, lakini kisheria si wa kule.

Mwaka 1982 mahakama kuu yao iliamua mtoto asinyimwe shule ya serikali kwa sababu hiyo. Sawa, lakini uamuzi ule unaishia sekondari. Chuoni, msaada wa karo wa serikali kuu hawapati.

Anasema insha ya kwanza ilikuwa: eleza ulikotoka. Binti mmoja akarudisha karatasi tupu. Si mvivu, wallahi, ni woga: kuandika ukweli ni kujishtaki mwenyewe. Kijana wetu akabadilisha swali, darasa zima, asijulikane aliyebadilishiwa. Siku hizi hubaki nao jioni, wanasoma pamoja barua zao za kuomba ufadhili, mstari kwa mstari. Karatasi hamuulizi mtu.

Nikakumbuka Sura Abasa. Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, alimjia Mtume ﷺ akitaka kufundishwa, na Mtume yuko na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji wasilimu. Akakunja uso. Zikateremka aya. Kipofu yule uso uliokunjwa hakuuona, jamani! Aliyeuona ni Mola wake.

Sasa nijiseme mimi. Ndugu zetu Wapemba wako pwani hii vizazi na vizazi, na Kenya imewatambua 2023 tu. Kabla ya hapo, mama mmoja wa Kipemba alileta mwanawe madrasa. Fomu yetu inataka nambari ya cheti cha kuzaliwa (fomu niliitunga mimi, nikajiona nimepanga mambo). Hana. Nikamwambia, mama, kachukue cheti kwanza. Akachukue wapi? Alisema ahsante, mwalimu, akamshika mtoto mkono. Hakurudi.

Ile sehemu nimeifuta leo asubuhi. Mwenye kumjua mama yule, alikuwa akiuza samaki wa kukaanga karibu na diko, tafadhali amfikishie: mtoto aje Jumamosi saa mbili, hata kama amekuwa mkubwa. Nitakuwa mlangoni.

Wabillahi tawfiq.