Wazo la Leo: Steringi Yuko Mgodini

Kahama, Geita hata Katoro, jioni ikiingia watu hukaa mbele ya runinga kutazama picha za mapigano. Steringi, yaani mhusika mkuu, hachoki, hafi. Nami nasema picha ya namna hiyo haisisimui, kwani mwisho wake tunaujua tangu mwanzo. Kinachobana kifua ni kutojua yatakayotokea. Ndiyo maana picha ya First Blood ya mwaka 1982 bado ina nguvu: steringi wake, Rambo, anaumia, anawindwa, na mwishowe analia.

Basi tuikumbuke Nyangalata, wilayani Kahama. Oktoba 2015 mgodi ulititia, wachimbaji wadogo wakafukiwa. Wakaishi gizani kwa mizizi, wadudu na matone ya maji. Katikati ya Novemba, baada ya siku 41, watano walitolewa wakiwa hai. Hapakuwa na bunduki wala gari lililolipuka, lakini sijaona picha ya Hollywood iliyonishika moyo kuliko kisa hicho.

Watengenezaji filamu wetu, acheni kuiga bastola za wenzenu. Njooni kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ya Shinyanga na Geita, wasikilizeni wachimbaji, kisha mtutengenezee picha yao.