Toba ya Wafalme Wawili

Sauli na Daudi, wote wafalme wa Israeli, walikiri dhambi kwa maneno yanayokaribiana. Ila Sauli alianza kwa kuwasingizia watu wake kosa la kukiuka amri ya Mungu, na alipobanwa akamsihi nabii Samweli amheshimu mbele ya wazee. Hata katika kuabudu alitaka aonekane. Daudi, nabii Nathani alipomkabili juu ya damu ya Uria, aliyeuawa kwa amri yake, hakumtaja Bathsheba, mke wa Uria aliyezini naye, wala kujali cheo; akakiri, akasamehewa. Utauliza: basi unyenyekevu ni hongo, muuaji asamehewe? La hasha! Mtoto aliyezaa na Bathsheba alikufa, na upanga haukuondoka nyumbani mwa Daudi. Aliyenyenyekea hakuepushwa na matokeo ya kosa lake, bali alirudishiwa Mungu wake: msibani mle mle alioga, akabadili nguo, akaenda kuabudu kabla hajala.