Kidonda cha Mtoto Aliyeachwa Huingia Hadi Katika Ndoa



Katika mafundisho ya ndoa huwa nawauliza wachumba swali moja: "Ulipokuwa mtoto, kuna mtu aliyekuacha?" Wengine hucheka. Wengine hunyamaza wakatazama chini. Hao wanaonyamaza ndio ninaowaandikia leo, pamoja na wale waliofunga nao ndoa.

Mimi ni mmoja wao. Nilikuwa na miaka sita wazazi wangu walipokosana. Tuliishi karibu na Runyenjes, Embu. Asubuhi moja, mama akiwa shambani, baba aliniambia twende akaninunulie viatu. Tulipanda matatu, tukapita Chuka, tukafika Nkubu, akaniacha kwa nyanya. Viatu sikuviona. Niliambiwa kwamba mama amenikataa. Nilipoonana naye tena nilikuwa kidato cha pili, ndipo nikajua kwamba alikuja kunitafuta mara tatu akafukuzwa langoni.

Nilipooa, nilidhani hayo yamepita. Lakini mke wangu akichelewa sokoni hata kwa saa moja, moyo ulinienda mbio. Akifika sikumgombeza. Nilinyamaza siku mbili, na chakula alichonipakulia sikukigusa. Mara mbili nilitia nguo zangu mfukoni ili niondoke kabla yeye hajaondoka. Yeye, maskini, alidhani nina mwanamke mwingine.

Ndugu zangu, mwili wa mtoto aliyeachwa hukua, lakini hofu yake hubaki na miaka sita. Mmoja humng'ang'ania mwenzake hata asipumue. Mwingine hujitenga, hamwambii mtu siri yake, huweka pesa kando kwa siku atakayoachwa. Mwingine huanzisha ugomvi makusudi aone kama atavumiliwa. Si wote huwa hivyo. Wako waliopata nyanya, shangazi au mwalimu wa kuwashika mkono, wakapona.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia baba. Kisha nyanya alinisimulia yaliyompata yeye. Serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru wengi walitiwa vizuizini, wengine Manyani, wengine Mwea, na familia nyingi zikahamishiwa katika vijiji vilivyolindwa kwa bunduki. Babu alikamatwa baba akiwa mchanga. Aliporudi, baba alimkimbia akidhani ni mgeni. Babu naye hakuzungumza juu ya kizuizini hata siku moja. Basi baba angejifunzia wapi kulea? Simtetei kwa alilolitenda, lakini sasa namwelewa.

Wataalamu nao wameliona jambo hili, tena hapa hapa Afrika Mashariki. Miaka ya 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake hutambaa mbali akacheza, kwa kuwa anajua akigeuka atamkuta. Asiye na uhakika hulia na kung'ang'ania. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka wa 1967. Na mwaka wa 2016 Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia, namba 239 na 240, alitukumbusha kwamba majeraha ya utotoni hutufuata hadi katika ndoa, na kwamba ni lazima kuyakubali na kuyatibu.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha Yusufu. Alikuwa na miaka kumi na saba ndugu zake walipomuuza. Misri alipata cheo, mke na watoto. Mzaliwa wake wa kwanza alimwita Manase, maana yake kwamba Mungu amemsahaulisha taabu zake na nyumba ya baba yake (Mwanzo 41:51). Je, alikuwa amesahau kweli? Ndugu zake walipokuja kutafuta chakula, alijifanya mgeni, akawasemesha kwa ukali, akajificha kulia, akawatilia kikombe cha fedha katika gunia la Benyamini ili awajaribu. Huyo ni mtu mkubwa wa serikali, lakini anayemjaribu ndugu yake ni yule kijana wa shimoni. Alipona siku alipolia mbele yao na kusema, mimi ni Yusufu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mwambie mwenzako. Mimi nilimwambia mke wangu habari ya viatu baada ya miaka minne ya ndoa. Alilia, kisha akasema, "Kumbe si mimi uliyekuwa ukininunia."

Pili, agana na mwenzako. Sema unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, na ukichelewa, piga simu. Kwa mtu aliyeachwa, neno dogo linalotimizwa kila siku ni dawa kuliko zawadi kubwa ya Krismasi.

Tatu, wewe mwenye kidonda, usikifanye ruhusa ya kupiga, kutukana au kulewa. Kidonda kinaeleza, hakihalalishi. Nenda kwa Padre, nenda kwa mshauri aliyesomea kazi hiyo.

Nne, usimtoroke mtoto akiwa amelala. Najua wako mama wanaokwenda kufanya kazi Saudia, na baba wanaokwenda Nairobi, kwa ajili ya karo. Hiyo si dhambi. Lakini mwambie mtoto ukweli, muage kwa machozi ikibidi, na umpigie simu siku ile uliyoahidi.

Na sasa nasema nawe uliyekosana na mwenzako, ambaye usiku huu unawaza kumchukua mtoto umfiche kwenu ili mwenzako aumie. Nakusihi, acha. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo nyasi. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 53, inampa mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la. Ikiwa unakimbia kipigo, hilo ni jambo jingine: ondoka na watoto salama, kisha upige ripoti kwa polisi na kwa afisa wa watoto, au upige simu 116, ambayo ni bure. Lakini kama ni hasira tu, kumbuka kwamba unayempokonya leo atakuwa mume au mke wa mtu kesho, na mtu huyo ndiye atakayelipa deni lako.

Jioni hii, kabla ya kusali rozari, ulizana na mwenzako lile swali langu. Usimkatize. Akimaliza, mshike mkono, mkasome pamoja Isaya 49:15, ambapo Mungu anasema kwamba hata mama akimsahau mwana wake, Yeye hatatusahau.

Mungu azibariki ndoa zenu.