Uongo Usio na Mwenyewe

Je, karatasi inaweza kudanganya wakati hakuna mtu aliyedanganya? Swali hili ninalo tangu nianze kusoma taarifa za uchunguzi wa majanga ya moto. Siku inapochorwa, ramani ya jengo huwa ya kweli. Kisha ukuta unavunjwa ili ukumbi upanuke. Mwaka unaofuata chumba cha kufulia kinageuzwa stoo, na mlango wa nyuma unafungwa kwa hofu ya wezi. Ramani bado ipo ukutani, kwenye fremu yake safi. Jengo ndilo limeihama.

Nyumbani kwako, msomaji, hilo si neno. Unapajua hata gizani. Kwenye makao ya wazee mambo ni mengine. Anayelala humo pengine hawezi kutembea, au anasahau chumba chake hata mchana. Anayemwangalia usiku huenda ni mfanyakazi wa zamu aliyeanza juzi tu. Atakayekuja kumtoa ni mtu wa zimamoto asiyewahi kukanyaga hapo. Wote watatu wanategemea walichoandikiwa na wengine.

Tarehe 31 Januari 2004, kabla ya alfajiri, hitilafu ya umeme iliwasha moto kabatini katika makao ya wazee ya Rosepark, Uddingston, Scotland. King'ora kililia. Wafanyakazi walisoma paneli ya king'ora, wakaenda kutafuta moto mahali pasipo. Zilipita kama dakika 9 kabla zimamoto hawajapigiwa simu. Milango ya vyumba ilikuwa wazi, moshi ukapita. Wazee 14 walikufa. Uchunguzi wa Brian Lockhart, uliotolewa mwaka 2011, ulisema baadhi ya vifo hivyo au vyote vingeweza kuepukwa kama pangekuwa na mpango wa kutosha wa usalama wa moto.

Grenfell Tower ya London, ilikowaka Juni 2017 na kuua watu 72, haikuwa makao ya wazee, lakini somo ni lile lile. Ukarabati ulibadilisha namba za ghorofa. Alama kwenye ngazi zikabaki za zamani. Zimamoto nao hawakuwa na ramani za ghorofa. Tangu Januari 2023, wenye majengo marefu ya makazi nchini England wanatakiwa kuwapa zimamoto ramani za sasa. Sheria hiyo inaanzia mita 18 au ghorofa 7. Makao ya wazee kama Rosepark hayaguswi nayo.

Kuna atakayesema: uongo unahitaji nia. Meneja hakukusudia, ana wazee wa kulisha, dawa za kugawa, wafanyakazi pungufu. Sawa, uchovu wake naukubali. Lakini ramani iliyotundikwa inasema kila siku: toka huku. Ukiiacha ukutani baada ya fundi kuziba njia, wewe ndiye unayeyarudia maneno hayo kila asubuhi. Na afadhali mgeni asiye na ramani kabisa, maana atapapasa kwa hadhari. Mwenye ramani ya uongo anakimbilia ukutani kwa kujiamini.

Wahenga walituonya kuhusu ufa usiozibwa. Hawakutuambia kuhusu ukuta uliojengwa kimya kimya bila kuchorwa. Dawa yake wala si ngumu: fundi akimaliza kazi, mtu mmoja aliyekabidhiwa jukumu aishike ramani, apite nayo mlango hadi mlango, arekebishe, aandike tarehe.

Kinachonisumbua ni kwamba kazi hii haina shukrani. Ikifanywa vizuri, hakuna anayejua. Tunadaiwa na mgeni ambaye hajafika na mzee asiyeweza kutukagua. Kwangu mimi, deni lisilo na wa kulidai ndilo linaloonyesha kama tuna uaminifu au tulikuwa tunaogopa kukaguliwa tu.