Je, Kuidanganya Kampuni ya Bima si Khiyana?

Mtu ana bima ya vyombo vya nyumbani mwake. Mwanawe akapiga mpira ndani, ukaigonga televisheni, kioo kikapasuka. Baba akaitazama hati yake, akaona ajali kama hiyo imo katika yaliyokatiwa bima. Je, ana haki ya kudai fidia? Naam, anayo. Amelipa ada yake, na ahadi ni deni. Kudai haki si tamaa wala si aibu.

Lakini hapo ndipo Ibilisi humjia mtu, naye humjia kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni wa asiye na haki. Bima ya nyumba hailipi chombo kilichokufa kwa uchakavu. Basi mwenye televisheni iliyozimika kwa uzee huisukuma kwa mkono wake, kisha akaandika: "Imeanguka." Huo ni wizi. Na asemaye kwamba kampuni ni tajiri, haitaona upungufu, na ajue ya kuwa mali ile imechangwa na watu wengi: mwalimu, mjane, mwenye duka. Madai ya uongo yakizidi, ada hupanda, wakalipa wasiovunja kitu.

Wako wanaojitetea kwa dini, wakisema: "Bima yenyewe wanavyuoni wameikataza, basi tukiwapunja kuna kosa gani?" Ni kweli kwamba Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah lilikata shauri mwaka 1985 kuwa bima ya biashara yenye malipo maalumu ina gharari kubwa, likaelekeza watu kwenye bima ya kusaidiana, na hapa Kenya kampuni ya takafuli ilianza kazi mwaka 2011. Lakini aonaye mkataba kuwa ni haramu, dawa yake ni kuuacha, si kubaki ndani yake akadanganya. Na akihamia kwenye takafuli, jambo huwa zito zaidi, kwani fedha zile ni michango iliyotolewa ili watu wasaidiane.

Mlango wa pili ni wa mwenye haki, nao ndio mgumu kuuona. Yule baba wa mpira achelea kuambiwa ni mzembe, akaandika kuwa paka ndiye aliyeiangusha televisheni. Haki yake ipo, na uongo haukumzidishia hata shilingi. Je, kuna ubaya?

Jambo la namna hii liliwahi kufika mahakamani Uingereza, nchi ambayo sharia ya bima ya Kenya imechota kwake mengi. Mwaka 2010 chumba cha mitambo cha meli iitwayo DC Merwestone kilijaa maji. Wenye meli walistahiki kulipwa, lakini wakatoa maelezo ya uongo juu ya kengele ya hatari. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Kabisa ya huko iliamua, kwa wingi wa mahakimu, kwamba walipwe, kwa kuwa uongo ule haukubadili haki yao.

Hoja yao twaifahamu: adhabu isizidi kosa. Lakini mahakama iliulizwa nani alipwe. Haikuulizwa kama uongo ni mwema. Kampuni haikuwamo chumbani siku ile. Yategemea neno la mwenye nyumba. Anayelichafua neno hilo amwekea shaka jirani yake mkweli atakapodai kesho. Na zaidi ya hayo, yuko mmoja aliyekuwamo chumbani: yule mtoto. Yeye ajua nani alipiga mpira. Akimsikia baba yake akimsingizia paka, amesoma somo ambalo hakuna chuo kitakachomfutia kwa wepesi.

Basi, ewe ndugu, chombo chako kikivunjika, soma hati yako, kisha andika lililotokea kama lilivyotokea. Ukidhulumiwa, peleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia bima. Na ukiwa huna haki, subiri, ununue nyingine kwa jasho lako. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli hata pale ambapo uongo hautugharimu kitu.