Je, Kukisia ni Kusema Uongo?

Mtu akisema, "Kesho kutakuwa na dhoruba," naye hana hakika, je, amesema uongo? Swali hili ni la zamani, lakini yatupasa kulitazama upya, maana siku hizi ziko mashine zinazokisia hali ya hewa ya dunia nzima, na watu wameanza kuzitegemea.

Kutabiri hewa kwa hesabu si jambo geni. Mwaka 1922 Mwingereza Lewis Fry Richardson alitoa kitabu juu ya kazi hiyo. Alikuwa amepiga hesabu kwa mkono ili kuona hewa ya Ulaya itabadilikaje kwa saa 6. Jibu lake lilisema mgandamizo wa hewa utapanda kwa milibari 145, jambo lisilowezekana kabisa. Hata hivyo hakulificha. Alilichapa kitabuni, watu wote walione. Baadaye wataalamu waligundua sababu ya kosa, na kompyuta zikafuata njia yake.

Mashine mpya hufanya kwa namna nyingine. Mmojawapo wa mitambo hiyo ni GenCast, wa Google DeepMind, ulioelezwa katika jarida la Nature Desemba 2024. Ulifundishwa kwa kumbukumbu za hewa za tangu 1979 mpaka 2018. Ramani ya kweli huvurugwa kwa namba za bahati nasibu, na mashine hujifunza kuondoa vurugu hiyo. Ikisha kujifunza, hupewa hewa ya leo pamoja na vurugu tupu, nayo huisafisha hatua kwa hatua mpaka ipatikane ramani ya saa 12 zijazo. Kisha hurudia hivyo mpaka siku 15. Vurugu ikibadilishwa, hutokea kesho nyingine. Zikitengenezwa kesho 50, na katika 10 kukaonekana dhoruba, twasema nafasi ya dhoruba ni 1 katika 5.

Basi, huo ni uongo? Sisi twaona sivyo. Anayesema "1 katika 5" amesema kweli, kadiri ya anavyojua. Mwongo ni yule achaguaye ramani moja inayompendeza, akazificha 49, akamwambia mvuvi, "Nenda, bahari ni shwari." Na ramani hizo zote hupendeza, hata ile isiyotokea kamwe huonekana kama hewa ya kweli. Kwa hiyo uzuri wa picha si ushahidi.

Ushahidi ni kupimwa. GenCast ulijaribiwa kwa hewa ya mwaka 2019, ambayo haukufundishwa, ukalinganishwa na utabiri wa kituo cha nchi za Ulaya kilichoko Reading, Uingereza. Katika vipimo 1,320, ulishinda katika zaidi ya 97 kwa kila 100. Hilo ni jambo la kusifiwa.

Lakini tujihadhari. Sifa ya dunia nzima si sifa ya kila kijiji. Afrika ina vituo vichache vya kupima hewa kuliko Ulaya, na mashine hujifunza kwa yale yaliyopimwa. Tena dhoruba isiyo na mfano katika kumbukumbu ni vigumu kuikisia. Hatuna budi kupima wenyewe mvua inayonyesha kwetu, tuandike, tulinganishe na tulivyoambiwa.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Richardson alipokosea, aliweza kuulizwa, naye alijibu kwa jina lake. Mashine haioni haya, wala haiombolezi chombo kilichozama. Tukisema, "Mashine ndiyo iliyosema," tumeikimbia kazi yetu. Mashine na itusaidie kukisia, maana kwa kazi hiyo ina uwezo kutupita. Lakini anayepeleka habari kwa mvuvi awe mtu, aseme nafasi zote bila kuficha, na awe tayari kuulizwa kesho yake.